Nyama, maembe na matufaha ndani ya mashine moja: uchambuzi wa kisa

Mwenye kisa ni mama wa watoto watatu. Alinunua mashine ya umeme ya kukaushia vyakula, ile ya trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, feni na kipasha joto vikiwa chini. Alitaka nyama kavu ya kutafuna na matunda makavu ya watoto kubeba shuleni, na mara ya kwanza kabisa akaamua kuvifanya vyote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi yake nyumba ilinukia vizuri na kabati likajaa. Kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa ametupa kila kitu, na watu wawili wa nyumba yake walikuwa wameshaugua tumbo.

"Kaka, hii mashine ni mbovu," aliniambia. "Niitafutie fundi au niitupe kabisa?"

Nikamwambia asubiri, anitafutie kwanza alichoandika. Ni mtu wa daftari: alipima kila kitu kwenye mizani kabla ya kukausha na baada ya kukausha, akaandika na saa. Bila daftari lile kisa hiki kisingechambulika. Kingebaki kuwa malalamiko tu.

Daftari linasema nini

Nyama ilikuwa kilo 2 za steki, mafuta yameondolewa. Ilikatwa ikiwa laini, kwa kisu cha kawaida, vipande vikatoka na unene wa milimita 4 hadi 10. Ililowekwa katika sosi ya soya, siki kidogo, kitunguu saumu na pilipili manga, ikakaa juu ya meza ya jikoni kuanzia saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Maembe yalikuwa kilo 1.5, vipande vinene vya milimita 12 hivi, ili vibaki na kitu cha kutafuna. Matufaha yalikuwa kilo 1, yamekatwa membamba, milimita 4 au 5.

Mpangilio wake ulikuwa huu: matufaha trei za chini, maembe katikati, nyama juu kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba joto hupanda, kwa hiyo kinachohitaji moto zaidi kikae juu. Kitufe cha joto alikizungusha hadi mwisho, nyuzijoto 70. Akawasha saa 2 usiku, akazima saa 12 asubuhi, bila kuhamisha trei hata moja katikati. Vitu vilivyotoka vikiwa bado na uvuguvugu vilifungwa hapo hapo, matunda kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza, nyama kwenye mifuko ya plastiki, vyote kabatini.

Uzito baada ya kukauka: nyama gramu 900, maembe gramu 430, matufaha gramu 170.

Kesho yake jioni mume wake alianza kuharisha, na usiku huo huo mtoto wa kati naye. Baada ya siku chache za maji ya chumvi na sukari walipona, na hakuna kipimo chochote kilichofanywa. Siku ya tisa chupa ya maembe ilionekana na matone ya maji upande wa ndani, na siku mbili baadaye madoa ya ukungu wa kijani. Nyama wakati huo ilikuwa ngumu nje kama ngozi, lakini ukiikata katikati ilikuwa laini na inanata. Matufaha yalikuwa safi kabisa, yenye rangi nzuri, hayana kasoro yoyote.

Mashine yashtakiwa

Kabla ya kuihukumu mashine nilimwomba aiwashe ikiwa tupu, aweke kitufe kwenye 70, kisha apime hewa kwa kipimajoto cha oveni. Trei ya chini ilisoma 68, ya juu kabisa 61. Huo si ubovu. Mashine yoyote inayopuliza hewa kutoka chini kwenda juu huwa na tofauti ya namna hiyo, na ikijazwa vitu vibichi tofauti inaongezeka, kwa sababu hewa ikipita kwenye trei za chini inatoa joto lake na kubeba mvuke. Ikifika juu imeshapoa na imeshanyonya maji ya kutosha, kwa hiyo haina nafasi ya kubeba mengine mengi. Hoja ya "joto hupanda" ilikuwa imepindua mambo: nyama, ambayo ndiyo ya hatari kuliko vyote, iliwekwa mahali penye ubaridi na unyevu kuliko pote.

Jirani yake alikuwa na maelezo mengine, kwamba chumvi haikutosha. Hili linasikika sana, na lina ukweli wa nusu. Chumvi hufunga maji ili vijidudu visiyapate, na siki huongeza ukali ambao baadhi yao hawaupendi. Lakini kwa kiasi ambacho mtu anaweza kula na kufurahia, chumvi haiui bakteria kama salmonela au E. koli. Hupunguza tu kasi ya kuzaliana kwao. Kukoleza sosi ya soya kungempa nyama ya chumvi zaidi yenye matatizo yale yale.

Mshtakiwa wa tatu ni muda. Kijitabu cha mashine kinasema nyama huchukua saa 6 hadi 10, naye akaipa zile 10. Mimi vijitabu hivi nimeacha kuviamini kwa habari ya saa. Aliyeviandika hajui unene wa vipande vyako, hajui umejaza trei ngapi, hajui jiko lako lina unyevu kiasi gani hewani. Mizani inajua zaidi.

Turudi kwenye uzito. Tufaha ni maji kwa takriban asilimia 86, kwa hiyo kilo 1 ina gramu 140 hivi za kitu kikavu. Tunda likikaushwa vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 20 hivi. Ukigawanya 140 kwa 0.8 unapata 175. Yeye alipata 170, kwa hiyo matufaha yalikauka sawasawa. Embe lina maji asilimia 83 hivi, kilo 1.5 ina gramu 255 za kikavu, na uzito uliotakiwa ulikuwa gramu 320. Yeye alipata 430, maana yake asilimia 40 ya kilichokuwa ndani ya chupa ilikuwa bado maji. Nyama isiyo na mafuta ni maji karibu robo tatu. Kilo 2 ina gramu 500 za kikavu, pamoja na chumvi kidogo iliyoingia. Kwa gramu 900, unyevu ulikuwa zaidi ya asilimia 40. Hiyo haifai kukaa kabatini.

Mashine ile ile, usiku ule ule, ilikausha kitu kimoja vizuri na vingine viwili vibaya. Mashine si mbovu. Kazi yake ni kupuliza hewa vuguvugu ili maji yatoke, basi. Kuua vijidudu ni kazi ya kabla yake, kusawazisha unyevu ni kazi ya baada yake, na mwenye kisa aliziacha zote mbili kwa mashine.

Nyuzijoto 70 na nyuzijoto 71

Nilipomweleza kwamba nyama haikupata moto wa kutosha alipinga, na hoja yake ilikuwa nzuri. Alikuwa amesoma kwamba Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka nyama ya kukausha ifikishwe nyuzijoto 71, na nyama ya kuku 74. "Mimi niliweka 70," alisema. "Nimekosa moja tu."

Wengi wanaanguka hapo. Ile 71 ni joto la nyama yenyewe, na 70 ya kwenye kitufe ni joto la hewa. Kipande kibichi kilichowekwa kwenye upepo wa moto hakifikii joto la upepo huo. Maji yanayovukizwa kutoka usoni mwake yanabeba joto na kukipoza, kama jasho linavyompoza mtu anayekimbia juani. Maadamu kuna maji ya kutosha ya kuvukiza, nyama inabaki chini ya hewa inayoizunguka kwa nyuzijoto nyingi. Joto lake linaanza kupanda pale tu inapokaribia kukauka.

Wakati huo umeshachelewa. Bakteria waliokaushwa pole pole wanakuwa sugu kwa joto. Moto ambao ungewaua wakiwa majimaji hauwamalizi wakiwa wakavu. Ndiyo maana maelekezo ya wizara ile yanataka nyama ipashwe hadi 71 kwanza, ikiwa bado na maji yake, ndipo iingie kwenye mashine kwa nyuzijoto 54 hadi 60. Si tahadhari ya makaratasi. Mwaka 1995 katika jimbo la Oregon, Marekani, kulikuwa na wagonjwa 11 wa E. koli aina ya O157:H7, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye nyama ya kulungu iliyokaushwa nyumbani. Aina hiyo ya E. koli huweza kuleta kuhara damu na, hasa kwa watoto wadogo, kuharibu figo.

Katika kisa chetu kuna kosa lililotangulia hata mashine: zile saa 6 mezani. Nyama hailowekwi nje ya friji. Kipande kizima cha steki kwa kawaida kina vijidudu usoni tu, lakini ukishakikata vipande vingi, kila uso mpya umeguswa na kisu, ubao na vidole. Ukiviacha vipande hivyo katika joto la jikoni mchana kutwa, unavipa vijidudu muda wa kuzaliana kabla hujaanza kazi. Baadhi ya bakteria, wakishazaliana vya kutosha, huacha sumu ambayo hata kuchemsha baadaye hakuiondoi.

Sasa, je, nyama ndiyo iliyowaharisha? Bila kipimo cha maabara hakuna anayeweza kuthibitisha, nami sikutaka kumhukumu. Ila nilimuuliza nani alikula nini. Mume alikula nyama nyingi. Mtoto wa kati, akajibu, hakuionja kabisa. Hapendi pilipili manga. Yeye alikula matufaha.

Matufaha yaliyofanikiwa

Hapo tukarudi kwenye mpangilio wa trei. Trei za mashine hizi zina matundu ili hewa ipite. Kinachoruhusu hewa kupanda kinaruhusu pia majimaji kushuka. Nyama mbichi iliyotoka kwenye sosi iliwekwa juu, na katika saa za kwanza ilidondosha mchuzi wake juu ya maembe, kupitia maembe hadi kwenye matufaha. Mama huyu alikumbuka kwamba baadhi ya vipande vya matufaha vilikuwa na madoa ya kahawia, akadhani ni ule weusi wa kawaida wa tufaha lililokatwa.

Wengine wangesema ukali wa tunda unatosha kuua kilichodondoka. Hautoshi. O157 inastahimili asidi, na juisi ya matufaha isiyopashwa moto imewahi kuleta milipuko ya ugonjwa huo. Tena tunda haliliwi likiwa limepikwa: linatoka kwenye chupa linaingia mdomoni.

Kwa hiyo kitu pekee kilichokaushwa sawasawa usiku ule, chenye uzito sahihi na sura nzuri, ndicho nilichomwambia akitupe bila kusita. Ilimuuma kuliko nyama. Aliuliza kama kuyarudisha kwenye oveni kungeyaokoa. Nikamwambia hapana, kwa sababu ile ile: kilichokauka pamoja na tunda kimeshakuwa sugu, na mtoto ameshaugua mara moja. Trei zote ziliingia kwenye maji ya moto na sabuni, zikasuguliwa matundu moja moja.

Maembe

Ukungu wa maembe ni hadithi nyepesi zaidi, ila inafundisha kuhusu mashine kuliko ile ya nyama.

Kipande cha milimita 12 kinahitaji maji ya katikati kusafiri njia ndefu hadi usoni. Hewa ikiwa kali mno mwanzoni, uso unakauka na kukaza kabla maji ya ndani hayajafika, na ngozi hiyo ngumu inayafungia ndani. Ukikigusa kinadanganya: nje kikavu kabisa, ndani kibichi. Kuongeza joto ili kazi iwahi ndiyo njia rahisi ya kuichelewesha. Matunda yanataka nyuzijoto 57 hadi 60, na vipande vya milimita 6 hivi, vyote sawa. Usawa wa unene una maana kuliko unene wenyewe. Kwenye mashine ya feni ya chini, trei zihamishwe kila baada ya saa chache, za chini ziende juu na za juu zishuke.

Kisha kuna jaribio la kukauka, ambalo halifanyiki kipande kikiwa cha moto. Tunda la moto huwa laini hata likiwa limekauka. Litoe, liache lipoe kabisa, ulikate katikati ulibane: hakuna unyevu unaoonekana wala unaotoka, na likikunjwa pande mbili hazigandani. Mama huyu alijaribu vikiwa vya moto, akavifunga vikiwa vya moto, na mvuke uliobaki ukageuka matone ndani ya chupa. Ukungu haukuhitaji mwaliko mwingine.

Hata mtu aliyefanya yote vizuri anakuta vipande vingine vikavu kuliko vingine. Dawa yake ni ile kazi ya baada niliyoitaja. Matunda yaliyopoa yajazwe kwenye chupa hadi theluthi mbili tu, yafungwe, yakae siku 7 hadi 10, yakitikiswa kila siku. Vipande vibichi zaidi vinagawana unyevu wao na vile vikavu mpaka vyote vilingane. Matone yakionekana kwenye kioo, yote yanarudi kwenye mashine. Ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, labda kwa sababu haina mashine wala harufu nzuri.

Hata hivyo isingeyaokoa maembe yale. Unyevu ukigawanywa sawasawa kwenye chupa yenye asilimia 40, kila kipande kinapata asilimia 40. Na ukungu ukishaonekana kwenye kipande kimoja, chupa nzima hutupwa; kuchambua vizuri na vibaya hakusaidii, maana nyuzi na mbegu zake huenea kabla macho hayajaona kitu.

Mara ya pili

Alianza upya kwa siku tofauti, nyama peke yake, matunda peke yake. Nyama aliigandisha nusu kwenye friza kabla ya kukata, na vipande vikatoka milimita 5 vyote, vimekatwa kukingama nyuzi zake ili vitafunike kwa urahisi. Vililala kwenye sosi ndani ya friji. Asubuhi alichemsha sosi na nyama pamoja, ikatokota dakika 5, akachuja na kupanga kwenye trei kwa nyuzijoto 60. Faida moja ambayo hakuitegemea ni muda: nyama iliyochemshwa imeshatoa maji mengi, kwa hiyo inakauka haraka zaidi. Alisimama uzito ulipofika gramu 640, ambao kwa hesabu yetu ya kilo 2 ni unyevu wa asilimia 22 hivi. Kipande kilichopoa kilipokunjwa kilipasuka nyuzi bila kukatika vipande viwili, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa. Hii inakaa kabatini wiki mbili ikiwa imefungwa vizuri. Ya kukaa zaidi anaiweka friza, kwa sababu mafuta kidogo yanayobaki katikati ya nyuzi huharibika na kunuka hata pasipo unyevu.

Maembe ya milimita 6 yalichukua mchana mzima na sehemu ya usiku. Katika chupa nne, moja ilitoa matone siku ya pili, ikarudishwa kwenye mashine. Nyingine zilipita.

Anachonung'unikia bado ni ladha. Nyama iliyochemshwa ni ya kijivu kidogo na inamumunyika, haina ule utafunaji wa mvutano aliokuwa akiutaka, na hapo sibishani naye, kwa sababu ni kweli. Kuna njia ya pili: kupasha vipande kwenye oveni hadi 71 kabla ya kukausha, ambako rangi inabaki nzuri zaidi. Tabu yake ni kupima joto la kipande chembamba hivyo, na suluhisho ni kukizungushia kwenye ncha ya kipimajoto ili kiizibe pande zote. Njia ya tatu ni kukausha kwanza, kisha kuingiza vipande vyembamba kwenye oveni iliyokwisha kupata nyuzijoto 135 kwa dakika 10, moto mkali kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa vijidudu vilivyokauka ni sugu. Hiyo ya tatu inatoa nyama nzuri kuliko zote mdomoni, lakini inataka oveni ambayo umeithibitisha kwa kipimajoto, na vipande visizidi milimita 6. Oveni yake hajaipima. Kwa sasa anachemsha.